Jiwe la Tabaka na Kete za Bure: Suala la Umiliki wa Michezo ya Kale

1. Utangulizi

Mchezo wa kete na mashimo ni miongoni mwa michezo michache ulimwenguni isiyodai mali. Anayetaka kuucheza huchimba vishimo ardhini, huokota mbegu au vijiwe, humwita mwenzake, na mchezo ukaanza. Walakini mchezo huo huo umepata kuandikiwa hataza, yaani cheti cha serikali kinachompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake. Umetiwa katika masanduku na kuuzwa madukani. Na siku hizi huchongwa katika jiwe laini la Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ukasafirishwa ng'ambo kama kumbukumbu ya Afrika. Safari hiyo yafaa kuchunguzwa, kwa sababu inaangaza mjadala ambao umepamba moto katika zama hizi za kompyuta: je, mchezo wa kale uhifadhiwe na mfanyabiashara anayeutoa upya na kuuuza, au uundwe upya na watu wanaoutoa bure kwa umma pamoja na siri zote za utengenezaji wake?

Katika michezo ya kompyuta pande hizi mbili zinajulikana vyema. Kwa upande mmoja yako makampuni ambayo huchukua mchezo uliopendwa miaka thelathini iliyopita, yakausafisha kidogo ili ufanye kazi katika mashine za sasa, na kuuuza mara ya pili. Kwa upande wa pili wako waandishi wa programu wanaojitolea, ambao huuandika mchezo huo upya tangu mwanzo hadi mwisho na kuutoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Leseni iliyo mashuhuri kuliko zote za aina hiyo ilitungwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1989. Mara nyingine njia hizo mbili hukutana. Kampuni ya id Software iliutoa mchezo wa Doom mwaka 1993 kwa biashara. Mwaka 1997 ikaifungua programu yake kwa umma, na mwaka 1999 ikaiweka chini ya leseni hiyo ya Stallman. Picha na sauti za mchezo zilibaki kuwa mali ya kampuni, na kwa hiyo wapenzi wake wakatengeneza picha na sauti nyingine za bure za kutumiwa na programu ile.

Kwa kawaida mjadala huu huelezwa kama ugomvi wa bei: kulipa au kutolipa. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba bei si kiini cha jambo. Kiini chake ni nani anayeshika maelezo ya mchezo, na kwa lugha gani. Nchi ya Wagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, inatoa mfano ulio wazi kuliko mingi.

2. Vitu vinne katika mchezo mmoja

Kabla ya kuendelea, hapana budi kutenga vitu vinne ambavyo watu hupenda kuvichanganya wanaposema "mchezo". Kwanza ni kanuni: nani aanze, kete ziende wapi, nani ameshinda. Pili ni umbo: ubao, kete, picha, rangi. Tatu ni jina. Nne ni lugha ya mchezo, yaani istilahi ambazo wachezaji hutumia kufundishana, kubishana na kutamba.

Sheria za nchi nyingi huvitazama vitu hivi kwa macho tofauti. Hakimiliki hailindi kanuni za mchezo, kwa kuwa kanuni ni mawazo tu. Hulinda namna mawazo hayo yalivyodhihirishwa. Mwaka 2012 mahakama moja ya Marekani iliamua kesi ya mchezo wa Tetris, ambao ulibuniwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984. Kampuni iliyokuwa imeuiga ilijitetea kwamba ilichukua kanuni peke yake. Mahakama ilikubali kuwa kanuni hazina mwenyewe, lakini ikaona kwamba sura ya mchezo ule imenakiliwa mno, na mwigaji akashindwa.

Umbo lilikwisha kulindwa zamani zaidi. Sataranji ni mchezo usio na mwenyewe, lakini umbo la kete zake linalotumiwa katika mashindano yote ya leo lilisajiliwa Uingereza mwaka 1849 na Nathaniel Cooke, likauzwa na nyumba ya Jaques ya London kwa kutumia jina la bingwa Howard Staunton. Jina nalo laweza kushikwa. Wasomaji wa Kiswahili watakumbuka kwamba kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994, na kupewa mwaka 2003, usajili wa maneno "hakuna matata" kuwa alama ya biashara ya mavazi huko Marekani. Wasemaji wa Kiswahili hawakukatazwa kuyasema. Hata hivyo, waliposikia habari hiyo mwaka 2018 wengi walihisi kwamba mtu ameweka uzio katika uwanja wa kijiji.

Kitu cha nne, lugha ya mchezo, hakina sheria inayokilinda wala anayekidai. Ndiyo maana hupotea bila ya kesi.

3. Kutoka bao hadi Kalah

Michezo ya jamaa ya bao imeenea Afrika nzima, Uarabuni na Asia. Katika vitabu vya kigeni huitwa kwa jina la jumla mancala, neno lililotoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuhamisha. Inafaa wanalugha wakumbuke kwamba shina hilo hilo ndilo lililotupa maneno nakili na nakala. Kuhamisha kete na kuhamisha maandishi ni ndugu wa tumbo moja.

Katika Afrika Mashariki jamaa hii ina matawi mengi. Waganda wana omweso, Wajaluo wanaopakana na Wagusii wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, na pwani kuna bao la Kiswahili, ambalo wataalamu hulihesabu kuwa miongoni mwa yaliyo magumu kabisa. Bao hilo lina safu nne za mashimo manane na kete sitini na nne. Mchezo huanza kwa kunamua, wakati wachezaji wanapoingiza kete za akiba mojamoja, na huendelea kwa mtaji, wakati kete zote zimekwisha kuingia. Mholanzi Alex de Voogt, aliyefanya utafiti Zanzibar katika miaka ya 1990, alieleza jinsi mafundi wa bao wanavyoweza kufuata akilini mizunguko mirefu ya kete kabla ya kuigusa hata moja.

Wasomi wa Magharibi walianza kuuandika mchezo huu mapema. Mwaka 1894 Stewart Culin wa Marekani aliandika tasnifu ambamo aliuita mchezo wa taifa la Afrika, kana kwamba Afrika ni taifa moja. Mwaka 1952 H. J. R. Murray aliorodhesha aina zake nyingi katika historia yake ya michezo ya ubao. Baina ya wawili hao akatokea mfanyabiashara. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alitunga mchezo aliouita Kalah, kwa kupunguza na kurahisisha yale yaliyojulikana juu ya michezo ya jamaa hii. Ubao wake ulikuwa na safu mbili za vishimo sita na shimo kubwa la hazina kila upande. Alianza kuuuza katika miaka ya 1940, akapata hataza ya umbo mwaka 1952 na hataza nyingine mwaka 1955.

Champion hakuiba bao, kwa kuwa bao halikuwa na mlango wa kuvunja; tena alichokitunga kilikuwa tofauti. Lakini matokeo yake katika historia ni makubwa. Kwa mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani, mchezo wa Kiafrika wa kete na mashimo ni ule wa vishimo sita kwa safu mbili. Safu nne, kunamua, nyumba na kutakata havimo. Toleo la biashara lilikuwa la kwanza kufika, likawa ndilo asili machoni pa wateja.

Kisha wakaja watu wa kompyuta. Mwaka 1964 Richard Russell wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza programu ya kucheza Kalah. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walitangaza kuwa wameukokotoa mchezo huo hadi mwisho kwa ukubwa mbalimbali wa ubao, na kuona kwamba mara nyingi anayeanza ndiye anayeshinda akicheza bila kosa. Leo programu huria za Kalah ni nyingi mno, kwani ni zoezi linalopendwa na wanafunzi wa kompyuta. Hapa pana funzo la kwanza: waundaji wa bure hawakurudi pwani ya Afrika Mashariki kutafuta asili. Wengi wao waliunda upya kile kilichokuwa kimekwisha kuuzwa. Uhuru wa programu peke yake haukurudisha kilichopotea katika sanduku la Champion.

4. Jiwe la Tabaka

Tabaka iko Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Ardhini mwake mna jiwe laini, jeupe, la kijivu, la waridi na la rangi nyekundu, ambalo wengi huliita jiwe la sabuni na wafanyabiashara huliita jiwe la Kisii. Kazi yake imegawanyika. Wanaume huchimba na kuchonga kwa panga, patasi na visu, jiwe likiwa bado na unyevu. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji, hulitia rangi na kulipaka nta hadi ling'ae. Zamani jiwe hili lilitumika kwa vyombo vya nyumbani na viko vya tumbaku. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, kadiri utalii ulivyokua, likawa biashara ya nchi za mbali. Limetoa pia wasanii wa hali ya juu. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa Tabaka mwaka 1944, alichonga Ndege wa Amani, sanamu iliyowekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Miongoni mwa bidhaa za Tabaka michezo ina nafasi yake. Kuna mbao za sataranji zenye miraba ya rangi mbili, ambazo kete zake zimechongwa kwa sura za wanyama wa porini badala ya wafalme na maaskofu. Kuna vibao vya mchezo wa sifuri na msalaba. Tena kuna vibao vya kete na mashimo. Na umbo lake linaloonekana mara nyingi katika maduka ya ng'ambo ni safu mbili za vishimo sita, na hazina mbili kwenye ncha. Hilo ni umbo la Kalah.

Hivyo mzunguko umetimia. Mchezo ulitoka Afrika ukiwa na sura nyingi, ukapunguzwa Marekani hadi ukawa na sura moja, ukarudi Gusii kwa njia ya mahitaji ya soko, ukachongwa kwa mikono ya Wagusii, na kuondoka tena ukiwa na cheti cha uasili wa Kiafrika. Mchongaji hana lawama. Yeye huchonga kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa ni kile ambacho mnunuzi amekwisha kufundishwa kukijua. Hataza ya mwaka 1955 ilikwisha muda wake zamani, kwa kuwa sheria ya Marekani wakati ule ilitoa miaka 17. Kwa hiyo hakuna sheria anayoivunja. Lakini hataza ikifa, mazoea iliyoyajenga hayafi.

Yafaa kulinganisha kibao hicho na mchezo mwingine unaoonekana kila siku katika masoko ya Kenya, na ambao mpita njia hakosi kuuona katika miji kama Keroka, pale mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira: dama. Ubao wake ni kipande cha mbao au karatasi ngumu kilichochorwa miraba kwa mkono. Kete zake ni vifuniko vya chupa za soda. Vya upande mmoja vimelala kifudifudi, vya upande wa pili chali. Mfalme hutengenezwa kwa kupandisha kifuniko juu ya kingine. Hakuna aliyeuza chochote, wala hakuna aliyeomba ruhusa. Kanuni hubishaniwa papo hapo na watazamaji, ambao mara nyingi ni wengi kuliko wachezaji. Hilo ni toleo huria kwa maana kamili ya neno: lasomeka, larekebishika, na kila mwenye kuliona aweza kwenda nyumbani kulitengeneza.

5. Hoja za pande mbili

Wanaotetea matoleo ya biashara wana hoja zisizopuuzika. Ya kwanza ni riziki. Mchongaji wa Tabaka hununua jiwe, hukaa katika vumbi, hulipa usafiri. Ubao wa bure haumlishi. Ya pili ni uhifadhi. Shimo la ardhini hufutwa na mvua ya jioni, ilhali ubao wa jiwe hudumu zaidi ya umri wa mwenyewe. Ya tatu ni uenezi: bila ya Champion na warithi wake, watoto wengi wa ng'ambo wasingepata kabisa kuzishika kete.

Wanaotetea matoleo ya bure nao wana zao. Kinachouzwa kina mlinzi, na mlinzi huweza kufunga mlango. Mfano mashuhuri ni ule wa Elizabeth Magie wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1904 kwa mchezo wa kufundisha ubaya wa ukiritimba wa ardhi. Watu waliuchora kwa mikono na kuupitisha nyumba hadi nyumba kwa miaka mingi, wakiubadilisha. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliununua kutoka kwa Charles Darrow, aliyejiita mbunifu wake, ikauuza duniani kwa jina la Monopoly. Magie akalipwa dola 500 kwa hataza yake. Mchezo wa umma ulipata mwenyewe, na maana yake ya kwanza ikageuzwa kichwa chini.

Walakini uhuru nao si ukosefu wa sheria. Programu huria ya sataranji iitwayo Stockfish, iliyoanza mwaka 2008, ni kazi ya watu wengi wanaojitolea. Mwaka 2021 baadhi yao waliishtaki kampuni ya Kijerumani ya ChessBase, wakidai kuwa imeuza programu iliyojengwa juu ya kazi yao bila ya kutimiza masharti ya leseni. Pande hizo zilipatana mwaka 2022, na kampuni ikakubali kuacha kwa muda kuuza bidhaa zenye Stockfish ndani yake. Inafaa izingatiwe kwamba walalamikaji hawakupinga kuuza. Leseni yao inaruhusu kuuza. Walichopinga ni kuficha: kumpa mnunuzi mchezo na kumnyima maelezo yake.

Tofauti hiyo baina ya kuuza na kuficha ndiyo inayokosekana katika sehemu kubwa ya mjadala. Ikiingizwa, mchongaji wa Tabaka na mchezaji wa dama wa Keroka hawana ugomvi. Mmoja anauza kazi ya mikono yake. Mwingine anatumia kanuni zisizo na mwenyewe. Dhuluma huanza pale anapotokea wa tatu, ambaye huuza kazi ya wa kwanza bila ya kumtaja, na kuzifungia kanuni za wa pili katika karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa lugha isiyokuwa yao.

6. Lugha ya mchezo

Karatasi hiyo ya maelezo inastahili kutazamwa na wanalugha. Bao la Kiswahili lina msamiati unaojitegemea. Shimo maalumu lenye kete nyingi ni nyumba. Mashimo ya mwisho wa safu ya mbele ni vichwa, na yanayoyafuata ni vimbi. Kuna kunamua, kutakata, kutakasa na mtaji. Na anayefagiliwa safu ya mbele huambiwa hamna. Kila neno hapa ni kanuni iliyofupishwa. Asiyejua kutakasa ni nini hajakosa neno tu, amekosa sehemu ya mchezo. Toleo la biashara lililopunguza kanuni lilipunguza pia maneno, na programu ya bure iliyoiga toleo hilo ilirithi ububu wake.

Kwa Ekegusii hali ni ngumu zaidi. Lugha hii haikukosa wachunguzi. W. H. Whiteley alitoa utangulizi wa Ekegusii mwaka 1956 na uchambuzi wa njeo zake mwaka 1960. Philip Mayer aliandika juu ya ukoo na jando. Robert na Barbara LeVine walichapisha mwaka 1966 uchunguzi wa malezi katika kijiji walichokiita Nyansongo. Kazi hizo zilitupa sarufi, desturi na malezi. Istilahi za michezo hazikuwa shabaha yao, na ni kawaida ya wachunguzi wa zama zile kuuona mchezo kuwa pambo la utamaduni. Maneno hayo yamebaki vinywani mwa wazee na watoto, na kinywa hakina maktaba.

Hapa mfano wa Dar es Salaam una manufaa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa lugha hiyo. Njia zote mbili zilihitaji faharasa ya istilahi. Tofauti ni kwamba istilahi za programu huria zaweza kuchukuliwa, kusahihishwa na kutumiwa tena na mtu yeyote. Za kampuni hubadilishwa pale kampuni inapoamua. Neno huria lenyewe, lililokuwa likitumika kwa soko na elimu, lilipata katika kazi kama hiyo maana mpya ambayo leo haihitaji kuelezwa.

7. Hitimisho

Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni, na serikali za kaunti zikapewa wajibu ndani yake. Sheria hiyo yaweza kuwasaidia wachongaji kulilinda jina la jiwe lao na sanaa yao, na ni haki yao kufanya hivyo. Lakini sheria hulinda kilichoandikwa katika daftari, na mchezo ambao maneno yake hayajakusanywa hauna cha kuandikisha.

Kazi hiyo ni ya idara za lugha kabla ya kuwa ya mawakili. Istilahi za michezo ya Wagusii zikusanywe katika Kisii na Nyamira kwa Ekegusii, zifasiriwe kwa Kiswahili, na zitolewe kwa leseni huria, ili mwandishi wa programu azikute, mwalimu azifundishe, na mchongaji aziweke ndani ya sanduku pamoja na ubao wake badala ya karatasi ya Champion. Ubao utaendelea kuuzwa, na inafaa uuzwe kwa bei inayomtosha aliyeuchonga. Kanuni zitaendelea kuwa za bure, kama zilivyokuwa kabla ya hataza na baada yake. Kilichosalia ni kuhakikisha kwamba anayeufungua mchezo huo, awe Keroka au London, anausikia ukisema kwa kinywa chake wenyewe.